Ndovu Hafi Kiu, Anakufa Njaa: Vile Mbuga Zetu Zinapambana na Tabianchi

Leo tuweke udaku wa mastaa kando kidogo, kuna stori ingine inatuhusu sisi wote na haina kiki.

Julai 2022, Najib Balala, aliyekuwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori wakati huo, aliambia BBC kitu ilishtua wengi. Alisema ndovu wasiopungua 179 walikuwa wamekufa kwa sababu ya kiangazi, wakati majangili walikuwa wameua chini ya kumi. Hebu piga hiyo hesabu. Kwa kila ndovu mmoja aliyeangushwa na risasi, karibu 20 waliangushwa na jua.

Miezi michache baadaye, Novemba, waziri mpya Peninah Malonza akatoa ripoti kamili. Kati ya Februari na Oktoba 2022, Kenya ilikuwa imepoteza ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, punda milia wa Grevy 49 na twiga 12. Amboseli, Tsavo na upande wa Laikipia na Samburu ndio walilia zaidi. Na hao ni wale mizoga yao ilipatikana. Fisi huwa hawaandiki ripoti.

Sasa swali ni hili: mbuga inaweza kufanya nini mvua ikikataa kuja? Huwezi weka askari wa KWS getini akaambia jua lirudi kesho. Majibu yapo, lakini mengine si yale unafikiria.

Kwanza, nini ilifanyika?

Kenya kavu hutegemea misimu miwili ya mvua: ile ndefu ya Machi hadi Mei, na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ilifeli moja baada ya ingine. Mitano! Wazee walisema hawajaona kitu kama hiyo kwa miaka 40, na wataalamu wa hali ya hewa walikubaliana nao.

Ukame si kitu mpya huku kwetu. Lakini mwaka wa 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution walipiga hesabu wakasema kwamba joto linaloletwa na binadamu lilifanya ukame wa aina hiyo uwezekane angalau mara 100 zaidi ya vile ingekuwa bila sisi. Na si mvua peke yake ilipungua. Joto likiongezeka, hata ile mvua kidogo imenyesha inanyonywa na jua kabla nyasi haijaonja.

Halafu ukame ukiisha, haiishi polepole. Mwisho wa 2023 El Niño ikaingia, na Mei 2024 Mto Talek ukavunja kingo kule Maasai Mara. Kambi za watalii zikazama na watu wakaokolewa kwa helikopta. Mwaka huu mnyama anakufa juu ya vumbi, mwaka ujao hema la mtalii linaelea. Hiyo ndiyo tabianchi mpya: inapiga huku, ukigeuka inapiga kule.

"Si wachimbe visima tu?"

Hili ndilo swali la kila mtu, na ni swali poa. Ndovu mkubwa anaweza kunywa hadi lita 200 kwa siku. Hakuna maji, chimba kisima, mweke pampu ya sola, kazi imeisha. Ama?

Twende Tsavo, mwaka wa 1970 na 1971. Ukame mbaya uliingia na ndovu kama 6,000 wakadedi. Walipochunguza mizoga, wengi walikuwa majike na watoto, na wengi walikuwa karibu na mito kama Galana. Karibu na maji, umeelewa? Hawakufa kiu. Walikufa njaa, na maji yako hapo.

Mambo iko hivi. Ndovu anahitaji kumanga hadi kilo 150 za majani, nyasi na magome kila siku. Kiangazi kikiingia, wanyama wote wanasongamana pale pamebaki maji. Baada ya wiki chache wamemaliza kila kitu ya kuliwa karibu na mto. Sasa chakula kiko kilomita nyingi huko, na maji yako hapa. Dume anaweza kutembea, akale kule, arudi kunywa baada ya siku mbili tatu. Mama mwenye mtoto hawezi. Mtoto anachoka haraka, anahitaji kunywa mara kwa mara, na mama hamwachi. Hivyo wanabaki kwa maji, wakikonda, hadi mwisho.

Kisima kikichimbwa pahali si pake kinaweza kuleta shida ile ile. Afrika Kusini walijua hii kwa njia ngumu. Mbuga ya Kruger ilichimba visima zaidi ya 300 kuanzia miaka ya 30, nia ikiwa safi kabisa: wanyama wasiwahi kosa maji. Nini ilifanyika? Kaskazini mwa mbuga, kwenye nyasi ndefu kavu, kulikuwa kumetulia korongo, yule swala mkubwa hupatikana mara chache sana. Maji ya visima yakavuta punda milia na nyumbu. Simba wakafuata punda milia. Korongo akajikuta katikati, nyasi yake imeliwa na simba wako mlangoni. Kati ya 1986 na 1993, korongo wa Kruger walitoka karibu 450 hadi karibu 45. Leo vingi vya visima hivyo vimefungwa.

So hii haimaanishi visima ni vibaya. Tsavo yenyewe, KWS na mashirika kama Sheldrick Wildlife Trust wameweka visima vya sola na vya upepo, na wakati wa ukame magari ya maji hupelekwa pale kumekauka kabisa. Bila hizo, 2022 ingekuwa mbaya zaidi. Lakini kisima poa ni kile kiko na swichi. Unakiwasha pale kuna malisho, unakizima malisho yakipungua ili wanyama wasonge mbele na nyasi ipumue. Maji si zawadi tu kwa mnyama, ni kama usukani. Ukiyafungua, umemwambia aende wapi.

Na nyasi kavu za marobota je? Zimewahi kupelekwa pia, hasa kwa punda milia wa Grevy huko kaskazini, kwa sababu wengi wao wote duniani wako Kenya na kila mmoja anahesabika. Hiyo ni kama kuwekea mgonjwa dripu. Inasaidia usiku huo. Haiwezi kuwa chakula cha maisha.

Nakuru: shida ni maji mengi

Kama unadhani tabianchi ni ukame tu, panda matatu hadi Nakuru.

Tangu karibu 2010, Ziwa Nakuru limekuwa likipanda. Lango kuu la zamani la mbuga likamezwa, ofisi zikahama, barabara za safari zikaingia chini ya maji. Ile miti ya migunga ya manjano iliyokuwa pembeni ilikufa ikiwa imesimama, sasa imebaki kama nguzo za stima ndani ya ziwa. Ripoti ya gava ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilitaja mvua iliyoongezeka, na pia udongo unaosombwa kutoka kwa milima iliyofyekwa miti.

Flamingo, wale ndege wa pinki tulikuwa tunawaona kwa kila kalenda, walihepa wengi. Si kwa hasira. Flamingo mdogo anakula mwani ambao unapenda maji ya magadi makali. Ziwa likijaa maji ya mvua, magadi yanapungua nguvu, mwani unapungua, na ndege anaangalia sahani tupu. Akafungua mabawa akaenda Bogoria na kwingine kumtafutia riziki.

Ona sasa tofauti. Flamingo ana mabawa, akasonga. Faru wa Nakuru hana, na mbuga yake imezungushiwa ua pande zote. Maji yakipanda, nchi kavu inapungua, na yeye hana pa kuenda. Ua huo ulijengwa kumlinda na majangili, na kazi hiyo umeifanya fiti. Lakini tabianchi haikuwa kwa mpango.

Karibu hapo Baringo kulikuwa na kioja kingine. Twiga walikuwa wameletwa kwenye rasi moja ya konsavansi ya Ruko, inayoendeshwa na Wailchamus na Wapokot, jamii ambazo zamani zilikuwa zinapigana. Ziwa likapanda, rasi ikageuka kisiwa, twiga wakakwama. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021, twiga tisa walivushwa mmoja mmoja kwa boti ya chuma iliyoundwa spesheli kwa hiyo kazi. Picha zilizunguka dunia nzima. Twiga kwa boti, shingo juu, kama abiria wa feri ya Likoni. Tulicheka, na ilikuwa poa. Lakini jiulize, nchi itaunda boti ngapi?

Simba naye ana njaa

Kiangazi huwa hakimaliziki siku mvua imenyesha. Ukame wa 2009 uliua nyumbu na punda milia wengi sana Amboseli. Simba na fisi walikula sherehe wakati mizoga iko kila mahali, halafu ghafla friji ikawa tupu. Wakageukia ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai. Februari 2010, KWS ikaanza kuhamisha punda milia na nyumbu kwa malori kupeleka Amboseli, mpango ukiwa wa maelfu, ili simba wapate mboga yao na waache ya watu.

Miaka 13 baadaye, stori ikarudi. Mei 2023, baada ya ule ukame wa misimu mitano, simba kumi waliuawa kwa wiki moja pande za Amboseli. Sita kati yao waliuawa siku moja Mbirikani baada ya kula mbuzi 11 na mbwa. Mwingine alikuwa Loonkiito, dume la miaka 19, mmoja wa simba wazee zaidi porini. Aliingia boma la watu akitafuta chakula na akadungwa mkuki.

Majuu watu walilia kwa sababu ya Loonkiito. Lakini jiweke kwa viatu vya mwenye boma. Ukame umemaliza ng'ombe zako. Umebaki na mbuzi kadhaa, ndio karo, ndio unga, ndio hospitali. Usiku simba anakuja kuchukua hao pia. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema utalipwa fidia, na mtu akiuawa na mnyama familia inastahili shilingi milioni 5. Kwa karatasi ni poa. Shida ni kwamba malipo hayo yamejulikana kwa kuchelewa, na tumbo la mtoto halijui foleni.

Ndiyo maana miradi inayolipa mwenye ng'ombe haraka, au inayomsaidia kujenga boma imara, pia ni kazi ya tabianchi hata kama haina jina hilo.

Dawa yenyewe ni nafasi

Tukiunganisha hizi stori zote, jibu linajitokeza lenyewe. Ndovu wa Galana alihitaji kufika kwa malisho. Flamingo aliokoka kwa sababu aliweza kuhama. Twiga alikwama kwa sababu hakuweza. Mnyama wa Afrika Mashariki hajawahi kuishi kwa kukaa pahali pamoja. Anafuata mvua. Mvua ikianza kuwa kigeugeu, anahitaji kutembea zaidi ya zamani, si kidogo.

Na hapa ndio noma iko. Mbuga na hifadhi za kitaifa ni karibu asilimia 8 tu ya ardhi ya Kenya. Karibu asilimia 65 ya wanyamapori huwa nje ya hizo mbuga, kwa mashamba ya watu. Amboseli yenyewe ni kilomita 392 za mraba, ni padogo sana kwa ndovu. Inaishi kwa sababu maji ya Kilimanjaro hupita chini ya ardhi na kutokea kwa vinamasi ndani ya mbuga. Kiangazi wanyama wanakuja kunywa hapo. Mvua ikinyesha wanatoka, wanatawanyika kwa ardhi ya Wamaasai, nyasi ya mbuga inapona. Hiyo ndiyo pumzi ya Amboseli: ndani, nje, ndani, nje. Funga mlango wa nje, na mbuga itakosa hewa.

Mlango huo unafungwa polepole. Zile ranchi kubwa za jamii zimekuwa zikigawanywa, kila familia inapata hati yake. Hakuna ubaya kwa mtu kupata hati ya shamba lake. Lakini mwenye hati ana karo ya kulipa, na mnunuzi yuko na doo mkononi. Leo ni ua, kesho ni shamba la kunyunyiza maji. Kuanzia 2020 kulikuwa na mzozo mkubwa karibu na Kimana kwa sababu ya shamba la maparachichi lililozungushiwa ua kwenye njia ya ndovu, hadi maneno ikafika NEMA na kwa mahakama.

Tusisahau pia deni la zamani. Amboseli ilipofanywa mbuga ya kitaifa 1974, Wamaasai walipoteza vinamasi walivyokuwa wakinyweshea ng'ombe kiangazi. Kuwaambia leo "achieni wanyama nafasi" bila kitu mkononi ni kuwaomba walipe mara mbili.

Njia ambayo imeanza kufanya kazi ni kulipa kodi. Sanctuary ya Kimana, ya jamii yenyewe, ilianzishwa 1996. Mwaka wa 2013, shirika la IFAW lilikodisha karibu ekari 16,000 za Kitenden kutoka kwa wenye ardhi, ili ndovu waendelee kupita kati ya Amboseli na upande wa Kilimanjaro. Mwenye shamba anabaki na hati, ng'ombe wake wanalisha, na wanyama wanapita. Huko Mlima Kenya walienda mbele zaidi: korido ya kilomita 14 inaunganisha mlima na Lewa, na chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru kuna daraja la ndovu kupita. Lilipofunguliwa, ndovu dume anayeitwa Tony akawa wa kwanza kuonekana akipita, tulii, magari yakipita juu yake.

Shimo liko wapi kwa huu mpango? Ni pesa ya mtalii. Korona ilipoingia 2020, ndege zikasimama na konsavansi nyingi zikaanza kuhangaika kulipa kodi za ardhi na mishahara ya maskauti. Kama kitu inaweza kuanguka kwa sababu watu wa London wamekaa nyumbani, hiyo si bima ya kutosha. Nchi yenyewe lazima iweke mkono mfukoni.

Sasa hii inakuhusu aje wewe wa Nairobi?

Usidhani hii ni maneno ya Kajiado ndani ndani. Mbuga ya Nairobi, ya kwanza kabisa Kenya, ilifunguliwa 1946. Ni kilomita 117 za mraba, na upande wa kusini imeachwa wazi makusudi ili wanyama watoke kwenda tambarare za Athi na Kitengela na warudi. Mwaka wa 1978 kulikuwa na karibu nyumbu 27,000 kwenye mfumo huo. Kufika 2011 walikuwa chini ya 3,000.

Hao hawakumalizwa na jua. Walimalizwa na ua, barabara, viwanda na ploti za hamsini kwa mia. Zetu. Zile unaona matangazo yake kila wikendi, "dakika tano kutoka lami, maji na stima ziko". Kiangazi kikija sasa, nyumbu waliobaki hawana zile njia babu zao walikuwa nazo. Tabianchi inamgonga mnyama ambaye tayari tumemfungia mlango.

Hakuna mtu anakuambia usinunue shamba. Kila msee anataka pahali pa kuita pake. Lakini kabla utoe deposit, fanya vile ungefanya na gari la mkono wa pili: uliza historia. Uliza wenyeji, si broka, kama hapo ni njia ya wanyama. Uliza kaunti kama mpango wa matumizi ya ardhi unaruhusu ua hapo. Kama tayari uko na ploti Kitengela ama Kimana, zungumzeni na majirani muone mahali gani mnaweza kuacha bila ua ili mnyama apite. Si lazima kila mtu afunge kila inchi.

Kwa sababu ukame mwingine uko njiani, hiyo hatuwezi kusimamisha wiki hii. Siku utafika, KWS italeta malori ya maji na marobota ya nyasi, na tutawashukuru. Lakini ndovu mama aliye na mtoto hatauliza lori liko wapi. Atainua mkonga, anuse mvua upande wa mbali, halafu aanze kutembea. Kama atafika ama atagonga ua wa mtu, hiyo inategemea vile tunapanga ardhi sasa, mapema kabla jua halijachoma.